Peke yako, ibada ya alfajiri au jumuiya: njia ipi itakukuza kiroho?

Jumapili makanisa ya Moshi na Arusha yanajaa. Ibada ya kwanza inatoka, ya pili inaingia, na nje magari yamepangana mpaka barabarani. Kazi huanza Jumatatu. Mtu amebatizwa, amepata kipaimara, ameoa au ameolewa kanisani, na bado anajiuliza kimoyomoyo: mbona hasira yangu ni ile ile, mbona sala yangu ni ile ile niliyofundishwa nikiwa mtoto?

Ukiuliza ufanye nini, kila mtu atakuelekeza anakokwenda yeye. Mmoja atakwambia uamke saa kumi usiku uombe. Mwingine atakualika ibada ya asubuhi kabla ya kazi. Mama mkwe atauliza, "Wewe jumuiya yako ni ipi?" Kijana wa jirani atakutumia mahubiri kwenye simu. Wote wanakutakia mema. Ila mama mwenye genge, watoto wa shule na marejesho ya vikoba kila wiki hawezi kuzifuata njia zote hizo, na anayezianza zote kwa mpigo Januari, mara nyingi Pasaka inamkuta ameziacha zote.

Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizi kando kwa kando, kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kama nje ya ibada ya Jumapili una nafasi ya njia moja tu, chagua jumuiya ya mtaani kwako, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kisha uiongezee dakika kumi za peke yako kila siku. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia nani asinifuate.

Tunapima kwa nini?

Kabla ya kulinganisha tukubaliane kipimo. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Yapitie moja moja uone. Huwezi kuwa mvumilivu pasipo mtu wa kumvumilia. Upole unaonekana pale mtoto anapomwaga uji kwenye sare asubuhi ya shule. Uaminifu unaonekana kwenye chenji. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujua kama unakua ni yule anayeishi na wewe: mwenzi wako, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili, mteja wako wa kila siku. Hao wasipoona chochote baada ya miezi kadhaa, njia uliyochagua ichunguze upya, hata kama inakufanya ulie machozi kila ukiomba.

Baada ya hapo nauliza mambo matatu ya kawaida. Inakula muda gani wa mtu mwenye kazi? Inagharimu nini? Na usipoonekana, kuna atakayejua? Swali hili la tatu watu hulipita haraka, na mimi naliona ndilo zito kuliko mengine.

Peke yako na Biblia

Njia hii ina heshima yake, na Bwana mwenyewe aliipita. Marko 1:35 inasema aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Kwenye Mathayo 6 anatuambia tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Haina nauli, haina sare, haina mchango. Mbele za Mungu peke yako unaweza kusema kitu ambacho usingethubutu kukisema mbele ya mzee wa kanisa.

Wengi wanaoshindwa njia hii, kinachowashinda ni mpango. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, maana yake kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na zaidi kila siku, bila kuruka hata siku ya msiba. Mtu anaanza Mwanzo kwa furaha, anafika Kutoka, na Mambo ya Walawi inamkalisha chini. Anajiona hafai. Kumbe alichukua mzigo wa mtu aliyezoea. Kwa anayeanza, nashauri Injili ya Marko, sura 16 tu, au Mithali, yenye sura 31, ambayo unaweza kuisoma kwa kufuata tarehe: leo ikiwa tarehe 11, soma sura ya 11. Ukikosa siku mbili, huna deni. Unafungua ya leo.

Tuchukue hiyo sura ya 11, maana inaonyesha dakika kumi zinavyoweza kufanya kazi. Mstari wa kwanza unasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza. Sasa chukulia anayesoma ni mama anayeuza maharage soko la Mbuyuni au la Kilombero. Anapimia kwa sado, lile kopo la kupimia. Anajua zipo sado nzima, na zipo zilizogongwa kitako kikaingia ndani, mteja akidhani amejaziwa kumbe ameondoka na pungufu. Akisoma mstari ule haraka haraka, utapita kama mistari mingine. Akikaa nao dakika tano, akauandika kwenye daftari kwa mkono wake, halafu akajiuliza "sado yangu ikoje?", basi Neno limetoka kwenye karatasi limefika mezani kwake. Sala yake siku hiyo haihitaji maneno mengi: Bwana, nipe ujasiri wa kuibadilisha hii sado leo, hata kama jirani yangu wa meza habadilishi. Huko ndiko kukua ninakokusema. Jioni, faida imepungua kidogo na dhamiri imetulia.

Kama nisingeona hatari, ningekwambia uishie hapa. Hatari ipo. Ukiwa peke yako unajichagulia mistari. Mwenye huzuni atasoma za faraja mwaka mzima, mwenye hasira atatafuta zinazowahukumu adui zake, na hakuna wa kumwuliza, "Ndugu, hii ya kusamehe umeifikia?" Jambo la pili ni la mwili tu: uchovu. Aliyefunga duka saa tatu usiku akikaa kitandani na Biblia, usingizi unamshinda, na hakuna dhambi hapo, ila pia hakuna kilichosomwa. Wakati mzuri ni ule ambao akili yako iko macho, hata kama ni saa saba mchana wateja wamepungua.

Kuhusu simu na kitabu: Biblia ya kwenye simu ni bure, ina tafsiri ya Union Version, na inakufuata hadi ndani ya daladala. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo yenye ujumbe wa kikundi cha harusi. Ukiweza, tafuta kitabu kwa ajili ya zile dakika kumi, na simu ikae chumba kingine.

Ibada ya alfajiri kanisani

Kwenye sharika nyingi za Kilutheri (KKKT) huku Kaskazini, kwenye makanisa ya Kipentekoste, na kwa Wakatoliki kupitia misa ya asubuhi, mlango unakuwa wazi kabla jua halijachomoza. Watu wanaingia na vikoti, wanaimba, wanasikia neno fupi, wanaombeana, na kabla ya saa moja na nusu kila mmoja ameshika njia ya kazini.

Ubora wake mkubwa ni kwamba unapewa ratiba ambayo hukuitunga wewe. Mtu asiyeweza kujiamsha kwa ajili ya Biblia yake sebuleni ataamka kwa sababu jirani anapita saa kumi na moja na nusu. Nyimbo zinakubeba siku ambayo huna maneno. Na neno linakuja kwa mpangilio, si lile tu ulilolipenda. Kwa mfanyakazi wa ofisi au duka la mjini kati anayekaa karibu na kanisa, sijaona namna bora ya kuanza siku.

Sasa mtazame mama wa Pasua au Kwa Mrombo mwenye watoto wa darasa la pili na la nne. Basi la shule linapita saa kumi na mbili. Nani atawavalisha? Akienda ibadani, mzigo unamwangukia dada wa kazi au mume anayerudi usiku kutoka zamu. Namwambia mama huyu kwa upendo wote kwamba Mungu hayuko kanisani tu saa hiyo. Kumwandalia mtoto uji kwa upole, ukaomba naye mlangoni dakika moja kabla basi halijapiga honi, ni ibada iliyokamilika. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kuchelewa kulala kwamba kazi yao ni bure Bwana asipoijenga nyumba, na kwamba yeye humpa mpenzi wake usingizi. Wapo watu ambao hatua ya kwanza ya kukua kiroho kwao ni kulala kwa muda wa saa saba kamili, maana ukali wao nyumbani unatokana na uchovu.

Kuna pia baridi ya Juni na Julai, na kuna usalama. Binti anayetembea peke yake gizani kutoka mtaa usio na taa apate mwenzake wa kwenda naye, au achague njia nyingine. Na nauli ya asubuhi na ya kurudi, mara siku tano, mara wiki nne, ipigie hesabu kabla hujaweka nadhiri.

Upungufu ninaouona hauonekani haraka. Unaweza kuhudhuria mwaka mzima, ukakaa benchi lile lile la nyuma, ukasalimia "Bwana asifiwe" mlangoni, na hakuna anayejua kwamba ndoa yako inavunjika. Mkusanyiko wa watu mia unakuwezesha kujificha, na wengi wetu tukiumia tunajificha.

Jumuiya ya mtaani

Hapa nitakaa zaidi.

Kukutana nyumbani kwa watu ni jambo la zamani kama kanisa lenyewe. Matendo 2 inataja waamini wakimega mkate nyumba kwa nyumba, na Paulo akiwaandikia Warumi anawasalimu Priska na Akila pamoja na kanisa lililomo nyumbani mwao. Kwetu huku Kilimanjaro lina mizizi yake pia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba Injili haiji kuvunja ukoo, ujirani na rika za Wachaga, bali usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo hivyo ambavyo watu tayari wanavyo. Wapo waliompinga kwa mengine, lakini hilo la ujirani lilikuwa jicho kali. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao wa AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kazi ya kwanza ya kichungaji miaka ya 1970, na mkutano wao wa mwaka 1976 uliziwekea mkazo rasmi. Kwa hiyo leo ukihamia mtaa wowote wa Moshi, Mlutheri kwa Mkatoliki, kuna nyumba si mbali na kwako ambako watu wanasali pamoja kila wiki.

Kwa ambaye hajawahi kufika, inakuwa hivi. Ni Jumamosi, au siku nyingine mliyokubaliana, kwenye mitaa mingi asubuhi na mapema. Viti vya plastiki vimetolewa uani, vilivyopungua vimeazimwa kwa jirani. Wimbo unaanzishwa na yeyote mwenye sauti. Mmoja anasoma somo, wakati mwingine ni lile la Jumapili inayokuja, na mwenyekiti anauliza, "Nani ana neno?" Kimya kidogo. Halafu bibi mmoja, ambaye hajasoma theolojia popote, anasema alichokielewa kwa habari ya mwanawe aliyeacha kurudi nyumbani, na unaona kila mtu ameacha kutazama saa. Yanafuata mahitaji ya maombi: huyu anapelekwa hospitali ya KCMC Jumanne, yule ameshindwa kulipa ada ya mtoto, wale wana shauri la shamba kwenye baraza. Sadaka inapita. Mnajua wiki ijayo ni kwa nani. Saa moja imekwisha.

Kinachotokea pale hakipatikani kwenye njia nyingine niliyoitaja. Umesema tatizo lako kwa sauti mbele ya watu wanaojua nyumba yako. Jumanne mmoja wao anapita hospitali. Ukikosa mara mbili mfululizo, mtu anagonga geti: "Ndugu yetu, hatukukuona, mko salama?" Waebrania 10 inatuambia tuangaliane na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, wala tusiache kukusanyika, na sijui pengine ambapo maneno hayo yanatimizwa kwa urahisi kiasi hicho. Na kwa kuwa hukuwachagua, umekalishwa na mama mwenye maneno mengi na mzee mwenye msimamo mkali, wale ambao upole na uvumilivu wako unajifunzia kwao hasa. Kwenye mahubiri ya simu ungembonyeza tu atoweke.

Hata hivyo sitaki kukupamba. Malalamiko juu ya jumuiya ni ya kweli na yanawaondoa watu wengi wema.

Kubwa ni michango. Jengo, gari la mchungaji au padre, harusi, msiba, sare za kwaya, mavuno. Zipo jumuiya ambazo somo ni dakika tano na daftari la michango dakika arobaini, na majina ya wasiotoa yanasomwa. Mtu asiye na kitu anaacha kuja kwa aibu, na ndiye aliyehitaji kuja kuliko wote. Hilo ni kosa, na wenye jumuiya inapaswa walitubie. Kama uko kwenye jumuiya ya namna hiyo, usiondoke kimya. Mwendee mwenyekiti pembeni, si mbele za watu, umwombe mambo mawili: Neno litangulie, na hesabu za fedha zihamie mwisho au siku nyingine, pasipo kusoma majina. Wenyeviti wengi wanakubali, kwa sababu hata wao wanasukumwa kutoka juu na hawapendi kazi ya kudai.

La pili ni siri. Ulichokiombea Jumamosi kikisikika sokoni Jumatatu, umeumizwa vibaya, na hakuna andiko litakalokufanya uzungumze tena mapema. Ushauri wangu ni kuingia kwa hatua. Miezi ya kwanza leta mahitaji ambayo hata yakisikika hayakudhuru: mtihani wa mtoto, safari, ugonjwa wa wazazi. Sikiliza pia wanavyowasema wasiokuwepo. Wakiwasema vibaya, na wewe utasemwa. Mambo mazito, kama ndoa, ukimwi, deni la siri au ulevi, yapeleke kwa mtu mmoja aliyepimwa, au kwa mchungaji. Yakobo alipoandika kwamba tuungamiane dhambi na kuombeana tupate kuponywa, hakusema lazima iwe mbele ya mtaa mzima.

La tatu ni vijana. Jumuiya nyingi zina akina mama na wazee, na kijana wa miaka 23 aliyepanga chumba Sakina anajiona amepotea njia. Kwake huenda kikundi cha vijana cha usharika au kwaya kikawa mlango mwepesi zaidi. Aanzie huko, lakini asiache jumuiya kabisa, kwa sababu siku ya msiba kwaya itaimba, na jumuiya ndiyo itakayokesha, itakayopika na kuchimba kaburi.

Mikesha, semina, redio na simu

Hizi nazipitisha haraka kwa kuwa sidhani ni chaguo la msingi kwa mtu yeyote, ingawa zote zina baraka. Mkesha unaweza kukuvusha mahali ulipokwama. Wapo waliofanya uamuzi wa kuacha pombe usiku mmoja wa mkesha na hawajarudi nyuma. Semina ya wiki nzima uwanjani inakufundisha kitu kimoja kwa kina. Lakini wiki inayofuata jukwaa limevunjwa, mhubiri ameondoka, na wewe unabaki na mtaa wako. Ukitoka semina umewaka, usitafute semina nyingine. Tafuta ndugu wawili wa kukushikilia katika ulichoamua.

Redio za Kikristo tunazo hapa hapa, Sauti ya Injili ya Moshi na Habari Maalum ya Arusha miongoni mwake, na ni rafiki wa kweli wa fundi cherehani, dereva na mgonjwa asiyetoka ndani. Simu nayo inaleta mahubiri mazuri. Ila ina tabia moja ya kujihadhari nayo: inakuletea zaidi ya kile unachokipenda, na baada ya muda unamfahamu mhubiri wa mbali kuliko mchungaji wako, ambaye ndiye atakayekuzika. Na mhubiri yeyote wa simuni anayekutaka utume pesa kwanza ili akuombee, mfunge hapo hapo.

Kwa hali yako

Kama ni nesi, mlinzi au mfanyakazi wa hoteli mwenye zamu, jumuiya ya wiki kwa wiki itakukosa nusu ya mwezi. Usijilaumu. Mweleze mwenyekiti ratiba yako, fika unapoweza, na dakika kumi za peke yako ziwe nguzo. Kazini pia mara nyingi kuna wawili watatu wanaoomba pamoja kabla ya kubadilishana zamu, ulizia.

Kama ni mpagazi au mwongoza watalii, msimu unapochanganya, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena mwishoni mwa mwaka, uko mlimani siku sita au saba kwa safari moja. Mzigo unaopimwa getini ni kilo 20, na juu yake una vitu vyako mwenyewe, kwa hiyo Biblia kubwa haikufai. Chukua Agano Jipya dogo la mfukoni, au afadhali zaidi, panda ukiwa na zaburi moja kichwani. Ya 121 ina mistari minane tu. Utaijua kabla hujafika Shira, na ukirudi chini utakuwa umeitafuna kuliko mtu aliyesoma sura ishirini.

Kama uliumizwa na watu wa kanisa, wewe ndiye niliyesema usinifuate haraka. Mtu aliyeumizwa na watu hawezi kuambiwa kesho aingie tena kwenye duara la watu. Anza peke yako na Zaburi, ambazo karibu theluthi yake ni vilio na malalamiko. Humo utakuta maneno unayoyaogopa tayari yameombwa. Halafu ibada ya alfajiri, ambako unaweza kukaa nyuma bila kuulizwa. Hapo lile benchi la nyuma nililolilalamikia ni rehema. Jumuiya itakuja wakati wake.

Kama ni wanandoa wa madhehebu mawili, na Kilimanjaro nyumba za Mlutheri na Mkatoliki ni nyingi, shida ni Jumamosi moja yenye jumuiya mbili. Nimeona nyumba zinazoishi vizuri zikifanya hivi: kila mmoja anabaki na jumuiya yake, ile inayofanyika nyumbani kwenu mnaipokea wote wawili kama wenyeji, na jioni kabla ya kulala mnasoma sura moja pamoja kutoka vitabu mnavyoshiriki. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, lakini Injili nne ni zile zile. Kinachoharibu ni kushindania watoto waende upande gani. Hilo liongeeni na wachungaji wenu wote wawili mapema, watoto wakiwa wadogo.

Na kama huna shida yoyote kati ya hizi, una kazi ya kawaida, mtaa wa kawaida, na uvivu wa kawaida, basi nenda jumuiya.

Ukiamua wiki hii

Usisubiri mwaka mpya wala Kwaresima. Mwulize jirani yeyote unayemwona na Biblia Jumapili, au mzee wa kanisa, au katekista: "Jumuiya ya huku inasali wapi wiki hii, na saa ngapi?" Fika mapema kidogo, usaidie kupanga viti, ni rahisi kujuana mikono ikiwa na kazi. Ukiulizwa usome, soma. Ukiulizwa kusema, unaweza kusema tu, "Nimekuja kusikiliza leo," na hakuna atakayekulazimisha. Ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu ni mgeni na mara ya pili bado wanakosea jina lako.

Upande wa dakika kumi, nunua daftari la kawaida la shule. Kila siku tarehe, mstari mmoja uliouandika kwa mkono, na jambo moja la kufanya kabla ya jioni. Jambo liwe dogo na liwe na jina la mtu: kumpigia kaka simu, kumrudishia jirani ndoo yake, kumwomba radhi mtoto.

Ukihama, mathalani kutoka Moshi kwenda Arusha kikazi, omba barua ya utambulisho kutoka usharika au parokia yako kabla hujafunga mizigo, uipeleke wiki ya kwanza kabisa ukifika. Wengi huahirisha hadi wapate nafasi, na miaka miwili baadaye mtoto anahitaji ubatizo au kuna msiba nyumbani, hakuna anayewajua mtaani, na barua inaanza kutafutwa kwa simu.